Ndimu Baada ya Moto

Msikilizaji wa Malinyi, perege wa mto Kilombero akishachomwa, ndimu anayokamuliwa mezani ina kazi kubwa kuliko kukata shombo. Wali na maharage yetu yana madini ya chuma ambayo mwili huyafyonza kwa shida. Vitamini C ya ndimu na chungwa hurahisisha kazi hiyo. Moto huiharibu vitamini hiyo, ndiyo maana nasisitiza kachumbari mbichi: chungwa lililokatwakatwa, kitunguu, nyanya, pilipili, chumvi kidogo na maji ya ndimu, vichanganywe muda mfupi kabla ya kula.

Wapo wanaosema ndimu yenyewe humwivisha samaki, kwa kuwa nyama hugeuka nyeupe. Asidi hubadilisha protini, ni kweli, lakini haitoshi kuua bakteria na minyoo. Kwa hiyo samaki achanjwe mbavuni, achomwe juu ya makaa yaliyotulia mpaka nyama iachane na mfupa. Anayeona chungwa ni tamu mno kwa samaki apunguze, aongeze ndimu. Na kisu kilichopara samaki kioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari, maana hiyo haipiti motoni.