Masika na Kiangazi cha Roho



Mkulima hangoji kuambiwa masika yamekaribia. Akiona mawingu anashika jembe. Sisi kiangazi cha roho kilitukuta tusijue. Mwaka wa sita tulikuwa bado tunafungua kikao kwa sala, ila ya haraka haraka, macho yote kwenye daftari la mweka hazina. Tuliimba vizuri tu, na huku wawili hawasalimiani kwa ajili ya deni.

Wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika Kenya na Bukoba, walilijua jambo hili. Aliyetubu hakuishia kulia kanisani. Alirudisha alichoiba, tena mbele ya watu. Na Zakayo je? Alitaja hesabu kabisa: mara nne. Toba ina hesabu, jamani, na sisi wenye daftari tulipaswa kuijua mapema!

Basi, Kwaresima ya mwaka ule mmoja wetu alisimama akasema alikopa kwa jina la mwenzake. Kimya. Akasimama mwingine, na mwingine. Mwisho sisi viongozi tukakiri kwamba tulijikopesha bila kuandika. Tulilipa kidogo kidogo, miezi 14.

Lakini wako waliokwisha kuondoka kwa uchungu, na hatujawaomba radhi wote. Wawili wamekuja leo, wamekaa viti vya nyuma. Chai ikianza kugawiwa, sisi tunakwenda kwao kwanza.