Nguvu za Mchezaji: Chuma na Kandanda ya Nyanza Kusini

Gor Mahia, klabu yenye mashabiki wengi kuliko nyingine yoyote nchini Kenya, ina jina la mtu wa Homa Bay. Gor Mahia wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, alikuwa mganga aliyeogopwa na kuheshimiwa kwa nguvu ambazo jicho halikuziona. Klabu ilipoundwa mwaka wa 1968 ilichukua jina lake, na mwaka wa 1987 ikalipeleka hadi kileleni mwa Afrika kwa kutwaa Kombe la Washindi. Mhadhara huu unahusu nguvu za aina nyingine. Hizi hupimwa kwa kilo, hujengwa kwa miezi, na kijana wa Oyugis au Awendo anaweza kuzipata bila kuhama kwao.

Kipaji si tatizo katika kaunti za Homa Bay na Migori. Mwaka wa 2006 Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilishinda Ligi Kuu ya Kenya na kuzipiku klabu kubwa za Nairobi. Miaka 13 baadaye, fedha za udhamini zilipokauka, klabu hiyo hiyo ilishindwa kufika uwanjani mara tatu ikaondolewa ligini. Fedha ni jambo zito na halipaswi kufichwa. Hata hivyo kuna hasara nyingine isiyoandikwa magazetini: mchezaji wa miaka 20 anayechanika msuli wa nyuma ya paja, anapumzika wiki mbili, anarudi mapema, unachanika tena, kisha soka yake inaishia hapo.

Chanzo kimoja ni imani iliyoota mizizi kwamba kuinua vyuma humfanya mchezaji mzito. Imani hiyo inachanganya kazi mbili. Mtunisha misuli hurudia zoezi mara nyingi, siku nyingi, na hula kwa lengo la kunenepesha mwili. Mchezaji anayechuchumaa na chuma kizito mabegani mara nne au tano tu, akapumzika, kisha akarudia, anazizoesha neva zake kuamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja. Anapata nguvu huku uzito wake ukibadilika kidogo sana. Mwaka wa 2004 Ulrik Wisløff na wenzake waliwapima wachezaji 17 wa Rosenborg, klabu ya Norwe. Waliochuchumaa na uzito mkubwa zaidi ndio walioelekea kukimbia kasi zaidi na kuruka juu zaidi.

Kasi hiyo ndiyo inayofunga mabao. Watafiti waliochambua mabao 360 ya ligi ya Ujerumani waligundua kwamba mbio fupi za moja kwa moja ndizo zilizotangulia bao mara nyingi kuliko tendo lingine lolote la nguvu. Mashabiki wa Kenya wameliona hilo kwa Michael Olunga, aliyefunga mabao 28 mwaka wa 2020 akawa mfungaji bora wa ligi ya Japani: hatua chache za nguvu, bega likimzuia beki, kisha shuti.

Vijana wengi wakiingia jimu hukimbilia kifua na mikono, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana kwenye kioo. Mpira huchezwa kwa nyonga, mapaja na vigimbi.

Zoezi moja linastahili kuelezwa kwa kirefu, maana halihitaji hata shilingi. Mchezaji anapiga magoti kwenye nyasi, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nguvu. Anajiachia kwenda mbele polepole, mwili umenyooka, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja hadi ashindwe, kisha anapokelewa na mikono yake. Msuli unafanya kazi huku ukirefuka, sawasawa na unavyofanya mguu unaporushwa mbele katika mbio kali, na hapo ndipo misuli mingi huchanika. Nchini Denmark zoezi hili lilijaribiwa kwa wachezaji 942 kwa mpango wa wiki 10, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2011: majeraha ya msuli huo yalipungua kwa takriban asilimia 70. Hakuna dawa wala kamba ya kiunoni yenye ushahidi wa namna hiyo.

FIFA nayo ina mpango wake wa kupasha mwili joto, unaoitwa 11+, wa dakika 20 hivi: kukimbia, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri. Ulipojaribiwa jijini Lagos kwa vijana 416, majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Lagos ina viwanja vigumu na vyenye mashimo kama vya hapa, hivyo kisingizio cha kwamba haya ni mambo ya Wazungu hakina msingi. Wasichana wanauhitaji zaidi, kwa kuwa kano ya ndani ya goti hukatika kwao mara nyingi kuliko kwa wavulana.

Baada ya msingi huo ndipo chuma kinapoingia. Mikebe ya rangi iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba imewafaa wengi, mradi pande zote mbili zina uzito sawa na kuna mtu wa kusimamia. Mzigo mzito uwekwe katikati ya wiki, mbali na siku ya mechi, na uanze kabla ya msimu. Utafiti wa Norwe kwa wachezaji wa kulipwa ulionyesha kwamba kipindi kimoja kwa wiki kinatosha kuhifadhi nguvu katika wiki 12 za kwanza za msimu; kimoja kila baada ya wiki mbili hakitoshi.

Chakula kipo. Mchezaji wa kilo 70 anayejenga misuli anahitaji gramu 112 hivi za protini kwa siku, na omena ya Mbita na Muhuru Bay, maharagwe, mayai na maziwa vinaweza kumfikisha huko. Mikebe ya unga wa protini inayouzwa mijini ni ghali, na mingine inaweza kuwa na vitu vilivyopigwa marufuku.

Kinachokosekana ni mwalimu wa mazoezi ya nguvu. Tarehe 1 Juni 2025 Homa Bay iliandaa Sikukuu ya Madaraka katika Uwanja wa Raila Odinga, na uwanja ni hatua njema, lakini nyasi hazimfundishi mtu kuchuchumaa. Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo. Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Serikali za kaunti na vyuo hivi viwafunze makocha wa wadi zoezi la magoti na mpango wa dakika 20, na vifungue kumbi zao za mazoezi kwa klabu za jirani kabla ya msimu ujao kuanza.