Kujumlisha na Kutoa Hesabu za Vipeo

Chukueni daftari na kalamu.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, Mkoa wa Songwe ulikuwa na watu 1,344,687, na mji wa Tunduma peke yake 219,309. Kwa vipeo tunaandika kwa kukadiria 1.34 × 10⁶ na 2.2 × 10⁵. Je, waliokaa nje ya Tunduma walikuwa wangapi?

Msikimbilie kutoa 2.2 katika 1.34! Vipeo havifanani. Ninyi wa Tunduma mnajua: mtu akivuka kutoka Nakonde na kwacha mfukoni, hazijumlishi na shilingi mpaka azibadili kwanza. Basi nasi tubadili. Kipeo kikishuka hatua moja, nukta husogea hatua moja kulia: 1.34 × 10⁶ ni sawasawa na 13.4 × 10⁵. Sasa zote ni laki. 13.4 toa 2.2, inabaki 11.2. Jibu ni 11.2 × 10⁵, yaani 1.12 × 10⁶.

Kujumlisha ni vivyo hivyo.

Lakini kiangalieni sana kile kitarakimu kidogo cha juu. Ukiandika 10⁴ badala ya 10⁵, Tunduma itakuwa na watu elfu ishirini na mbili tu, na mwenye kupanga visima kwa karatasi yako atawasahau watu tisa katika kila kumi.

Zoezi: mwaka 2012 Tunduma ilikuwa na watu karibu 9.8 × 10⁴. Hadi 2022 waliongezeka wangapi?