Vifaru na Askari wa Miguu: Tororo na Busia

Msafiri atokaye Jinja kwenda mashariki, akapita Iganga na Bugiri, hufika mahali ambapo barabara hugawanyika. Mkono mmoja huelekea Busia, na wa pili huelekea Tororo hadi Malaba. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni njia ya malori ya Mombasa, basi. Askari huona mengine. Huona lami ikikatiza mabonde ya mafunjo; huona mwamba wa Tororo umesimama peke yake juu ya mji, reli, kiwanda cha saruji, na mitaa iliyobanana. Naye hujiuliza: kifaru kitapita wapi hapa, na nani atatembea kando yake?

Wako watu waaminio kwamba vita vya kisasa ni vita vya chuma, na kwamba mwenye vifaru vingi amekwisha kushinda kabla risasi ya kwanza haijalia. Wako pia wadharauo chuma, wakidhani ushujaa na bunduki vyatosha. Mwezi mmoja tu, Machi 1979, uliwaumbua wote wawili.

Tarehe 2 ya mwezi huo, wapiganaji wa Uganda waliomuunga mkono Milton Obote walivuka kutoka Kenya wakaushambulia mji wa Tororo. Nia yao ilikuwa kujipatia silaha na kuwasha uasi dhidi ya nduli Idi Amin. Sehemu ya askari wa kambi ya pale iliasi ikajiunga nao. Je, mwanzo gani mwema kuliko huo? Lakini kuingia mjini ni jambo moja, na kuushika mji ni jambo jingine. Majeshi ya Amin yalirudi kwa nguvu, ndege zake za kivita zikiwa mbele ya kazi hiyo. Wapiganaji wale hawakuwa na jeshi kamili nyuma yao. Majeshi ya Tanzania yalikuwa upande wa Masaka, zaidi ya kilomita 300 kutoka pale, na mto Nile katikati. Kufikia tarehe 4 yote yalikuwa yamekwisha.

Siku sita baadaye ikawa zamu ya chuma. Huko Lukaya, barabara ya Masaka kwenda Kampala hupita katika tuta, maji na matope huku na huku. Tarehe 10 Machi askari wa Libya na wa Amin walikuja na vifaru vya T-55, magari ya deraya na makombora ya Katyusha. Brigedi ya 201 ya Tanzania ilirudishwa nyuma, tena kwa vurugu. Hakuna haja ya kuficha. Walioshinda siku ile wakasimama Lukaya badala ya kusonga mbele. Usiku huohuo, brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, ilitembea kuja kuikata barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 adui alipigwa kutoka pande mbili. Kifaru kilicho juu ya tuta hakina pa kugeukia. Na wale waliokuja nyuma yake walikuja kwa miguu yao.

Hakuna ajabu katika hayo. Aliye ndani ya kifaru huona kidogo sana. Mtu mmoja mwenye bazuka, aliyelala katika mafunjo, aweza kukiangamiza, asipokuwapo askari wa miguu wa kumfukua mapema. Naye askari wa miguu, akikutana na bunduki ya rashasha katika uwanja wa wazi, hana ngao ila kifaru hichohicho. Mwezi Oktoba 1973, huko Sinai, Waisraeli walipeleka vifaru bila askari wa miguu wa kutosha, na Wamisri wakavichoma kwa makombora yaliyobebwa na watu begani.

Busia ina swali gumu zaidi. Desemba 1987 askari wa Uganda na polisi wa Kenya walirushiana risasi hapo mpakani. Watu wakafa, na mpaka ukafungwa. Mpaka wenyewe umepita katikati ya mji. Wasamia na Wateso wana ndugu upande huu na ule. Mama wa sokoni huvuka asubuhi na kurudi jioni. Kifaru kikiletwa pale, kimpige nani? Kazi ya mahali kama hapo ni ya askari asimamaye wima, amjuaye mchuuzi na mlanguzi wa magendo, na ajuaye lini asifyatue risasi. Mwisho wa mwezi ule Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba, na bunduki zikanyamaza. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Busia, na maofisa wa nchi hizo mbili hukaa ndani ya jengo moja wakikagua malori yaleyale.