Elimu ya Siasa Si Mali ya Serikali



Tumesimama mbele yenu kuzungumzia chama cha wasomi wa siasa. Huenda pana anayejiuliza: mama anayehangaikia unga wa ugali atafaidika nini na vikao vya maprofesa? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu hivi: mtawala asiyetaka kuulizwa huanza kwa kuwanyamazisha wajuao kuuliza. Akishawanyamazisha hao, hata mama huyo hatapata wa kumweleza kodi yake imekwenda wapi.

Sisi Wakenya tumeyaona hayo kwa macho yetu. Mwaka 1980 chama cha wahadhiri cha wakati huo kilipigwa marufuku. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kikaingizwa katika katiba, nchi ikawa ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, na wahadhiri kadhaa wakatiwa kizuizini. Mwaka 1988 tukapigishwa kura ya mlolongo. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991. Hata hivyo, wahadhiri walipogoma kuanzia mwishoni mwa 1993 wakidai chama chao kiandikishwe, walikataliwa, wala hakikuandikishwa hadi 2003. Hesabuni wenyewe: vyama vya kugombea Ikulu viliruhusiwa zaidi ya miaka kumi kabla ya chama cha walimu wa vyuo vikuu.

Chama cha wahadhiri hutetea mishahara na kazi. Leo twataka kumtaja ndugu yake: chama cha kitaifa cha wanataaluma wa siasa, ambacho kazi yake ni kuilinda haki ya kuuliza na kuchunguza. Kwa mfano tumechagua kile cha Marekani, si kwa sababu Wamarekani ni malaika, bali kwa kuwa historia yake inajulikana, mazuri yake na mabaya yake.

Chama cha Sayansi ya Siasa cha Marekani kiliasisiwa mjini New Orleans mwaka 1903, na rais wake wa kwanza alikuwa Frank Goodnow. Mwaka 1906 kilianza kuchapisha jarida lake, ambalo lingali likitoka. Katiba yake inakikataza kuunga mkono chama chochote cha siasa au mgombea yeyote, wala hakiruhusiwi kuwafunga wanachama wake kwa msimamo mmoja juu ya sera za nchi. Mwanachama humpigia kura amtakaye. Chama chenyewe hakina mgombea.

Je, kutokuwa na mgombea ni kukaa kimya? La, hasha. Mwaka 1950 kamati ya chama hicho, chini ya E. E. Schattschneider, ilitoa ripoti juu ya vyama viwili vikuu vya nchi hiyo. Ilisema kwamba vyama hivyo vimelegea: havimpi mpigakura mipango iliyo wazi ya kuchagua, wala havina umoja wa kuitekeleza. Wanachama wengine waliipinga ripoti hiyo, na upinzani wao ukachapishwa katika jarida la chama hichohicho. Sisi tuliokwisha kuona vyama vikizaliwa asubuhi na kuuzwa jioni twaelewa uzito wa mjadala huo. Vyama vingi visivyo na sera ni chama kimoja kilichobadilisha kanzu.

Rais wa chama hicho wa mwaka 1953 hadi 1954 alikuwa Ralph Bunche, Mwafrika wa Marekani wa kwanza kukiongoza. Ni Bunche huyu aliyejifunza Kiswahili mjini London kwa Jomo Kenyatta, akazuru Kenya mwaka 1938, na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1950. Pamoja na heshima hiyo yote, mwaka 1954 aliitwa mbele ya bodi ya serikali yake kuhojiwa juu ya uaminifu wake kwa taifa. Hakupatikana na hatia. Nchi yoyote, hata ijisifuyo kwa demokrasia, yaweza kumtilia shaka anayeijua siasa kwa undani.

Nao wasomi wenyewe hawakuwa watakatifu. Mwaka 1967 baadhi ya wanachama walilalamika kwamba chama chao kimeyapa kisogo mambo makubwa ya wakati ule, vikiwamo Vita vya Vietnam na umaskini. Wakaunda kundi lao humo humo ndani, wakaendelea kudai mabadiliko. Kisha mwaka 2013 Bunge la Marekani liliweka sharti kwamba fedha za Taasisi ya Taifa ya Sayansi zisitolewe kwa utafiti wa siasa, ila ule uliothibitishwa kuwa wafaa kwa usalama wa taifa au masilahi ya uchumi. Chama kilipinga hadharani, na sharti hilo halikurudiwa katika bajeti ya mwaka 2014.

Ndugu zetu, twajifunza nini? Kwanza, chama cha wasomi kisiwe tawi la chama tawala wala la upinzani. Sisi wanamageuzi tusikitake kitusifu. Tukitake kituchunguze, hasa siku tutakaposhika madaraka. Pili, kiishi kwa michango ya wanachama wake, maana mlipaji wa ngoma ndiye achaguaye wimbo. Tatu, kiandike kwa lugha ambayo mpigakura wa Garissa, wa Kisumu na wa Kwale ataisoma bila mkalimani.

Katiba ya mwaka 2010 imetupa mlango: kifungu cha 33 chataja uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi, na kifungu cha 36 chalinda haki ya kujiunga na chama. Lakini mlango usiopitwa huota kutu. Tuwaunge mkono wanaochunguza madaraka, hata watakapotuudhi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na taifa lisilotaka kupimwa litaugua gizani.