Maji ya Bahari Yanapopinda
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Chepsaita)



Wengine mnaniuliza: bahari iko Mombasa, sisi tuko Chepsaita, joto la maji yake linatuhusu nini? Swali hilo ni la haki.

Mto Sosiani mnaujua, una kona zake. Baharini nako kuna mito, tunaiita mikondo, lakini haina kingo. Kwa hiyo kona zake hazikai mahali pamoja. Sasa utazionaje, na maji yote ni ya buluu? Kwa joto. Mkondo mmoja una joto lake, na maji ya jirani yana lake.

Tuchukue Somalia. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, mkondo hukimbia kaskazini kufuata pwani, halafu huiacha na kupinda kuelekea bahari kuu. Pale unapopinda, maji baridi ya chini hupanda juu. Yanaweza kuwa chini ya digrii 20, na maji ya jirani ni 27 hivi. Mwaka 1979 picha za setilaiti zilionyesha sehemu mbili za baridi kando ya pwani hiyo. Ile ya kusini ikasogea kaskazini mpaka ikaungana na mwenzake. Hebu fikirini, kona ya mto kuhama!

Zamani baharia alichota maji kwa ndoo, akatia kipimajoto. Ndoo moja ni habari ya mahali pamoja tu. Setilaiti huona eneo kubwa kwa mara moja, ingawa nyingine huzuiwa na mawingu, kwa hiyo maboya yanayoelea bado yanahitajika.

Sasa, sitawadanganya. Kona ile ya Somalia haikuambii kama kesho mvua itanyesha shambani kwako. Lakini vipimo hivyo hivyo, vikikusanywa bahari nzima, vina habari yetu. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, upande wa Indonesia ikawa baridi. Oktoba hadi Desemba mvua ikazidi, na huo ndio wakati tunataka mahindi yakauke! Bodi ya Nafaka na Mazao inataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mahindi yaliyoloa huingia kuvu upesi.

Basi mwezi wa Septemba, redioni wakianza kutaja joto la Bahari ya Hindi, msibadilishe stesheni. Wiki hiyo hiyo kikundi kikae, kihesabu turubai za kuanikia na pesa zilizoko.