Tusinunue kompyuta tu: nani atasoma majibu yao?

(Mada niliyoitoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa Uingereza)



Tunachanga fedha kuwasaidia wauguzi wa nyumbani wajiendeleze kwa masomo ya mtandao, na naona wengi mmeshaanza kupiga hesabu za kompyuta. Mimi ni muuguzi, shahada yangu niliisoma kwa njia hiyo hiyo huku nikifanya zamu za usiku, na sasa nasaidia kuongoza mijadala ya darasa moja la wauguzi walioko kazini. Nitasema juu ya mijadala hiyo tu.

Njia yenyewe si ngeni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 2005, AMREF na Baraza la Wauguzi walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi diploma kwa masomo ya kompyuta, huku wakiendelea na kazi vituoni. Zahanati yenye muuguzi mmoja haiwezi kumwachia aende chuo miaka miwili.

Lakini mtu anayesoma peke yake baada ya zamu huchoka akaacha. Kinachomshikilia ni wenzake. Mjadala wa maandishi unamfaa: yeye anaandika saa nane usiku, mwenzake wa Kigoma anajibu asubuhi. Na yule asiyethubutu kunyoosha mkono mbele ya mwalimu anapata muda wa kupanga maneno yake.

Kazi iko kwenye swali. Ukiandika "Taja sababu nne za mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua", watano watanakili kitabu kile kile na waliobaki wataandika "nakubaliana na mwenzangu" ili wapate maksi. Sisi tuliuliza hivi: ni usiku, uko peke yako zahanati, umeme umekatika tangu jana, mama amejifungua na damu haikomi. Dakika kumi za kwanza unafanya nini, na kwa nini?

Mmoja akaanza na kusugua mfuko wa uzazi. Wa pili akauliza, kibofu kimeangaliwa? Wa tatu akakumbusha kuwa oksitosini hutunzwa kwenye ubaridi, sasa ile iliyolala kwenye friji isiyo na umeme ni ya kuaminiwa? Akataja vidonge vya misoprostoli, visivyohitaji friji. Kisha dada mmoja, ambaye wiki tatu hakuwa ameandika neno, akauliza: mafuta ya jenereta yako kwenye bajeti ya nani? Mjadala ukahamia kwenye kamati ya kituo, na ukadumu siku nne. (Wanasiasa wetu humu ukumbini wangejifunza kitu.)

Dada huyo aliandika kwa Kiswahili. Kozi na mtihani ni kwa Kiingereza, ila mjadala tumeuachia lugha zote mbili, na majibu ya mistari miwili yamekuwa ya aya tatu. Wapo wanaosema tunashusha kiwango. Mimi naona kiwango hushuka pale mtu anaponyamaza.

Jina la mgonjwa halitajwi, picha hakuna, na vocha ni ghali kwa hiyo ni maandishi tu. Mkufunzi hawahi kujibu. Husubiri wajibizane kwanza, isipokuwa kosa la dozi, hilo husahihishwa papo hapo. Kwa kundi la watu 20 mimi hutumia kama saa sita kila wiki. Saa hizo hazimo kwenye bajeti yetu, Mwenyekiti, hata shilingi moja.

Napendekeza nusu ya mchango iwalipe kwa mwaka mmoja wakufunzi walioko nyumbani, wanaozijua zahanati zilivyo. Wauguzi wa humu ndani, nawaona kama sita hivi, tujitolee saa mbili kwa wiki kila mmoja chini yao. Nusu iliyobaki inunue kompyuta, na zitatosha, kwani wengi wa wanafunzi wangu husomea kwenye simu.

Naomba kuwasilisha.